Mganga wa fedha naye afungue daftari lake

Mshauri wa fedha wa televisheni akifilisika, watazamaji hugawanyika pande mbili kabla hata kiasi cha deni lake hakijajulikana. Wapo wanaocheka, wakisema alikuwa akiuza asichokuwa nacho. Wapo wanaomtetea kwa methali ya mganga hajigangi: elimu yake ni nzuri, ila yeye mwenyewe hakubahatika. Pande zote mbili zinakosea kwa namna moja, maana zinamhukumu mtu na kuliacha jambo. Kufilisika peke yake hakuthibitishi kwamba ushauri ulikuwa mbovu, na methali haitoshi kuufanya uwe mzuri. Kinachostahili kuulizwa ni kama mshauri huyo aliwahi kuwaonyesha watazamaji wake fedha zake zinatoka wapi, na ni nani aliyebeba hasara pale ushauri wake ulipokwenda kombo.

Swali hilo lina uzito wa pekee katika nyanda za juu za Kigoma. Mkoa huo, uliotegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, ulianza kupata umeme wa gridi ya Taifa mwaka 2022, na penye umeme visimbuzi na simu janja havichelewi kufika. Mkulima wa Muyama, kata ya milimani wilayani Buhigwe ambayo kabla ya mgawanyo wa mwaka 2012 ilihesabiwa Kasulu, anaweza kusikia ushauri ule ule anaopewa karani wa Dar es Salaam: tenga sehemu ya kipato kila mwezi, ifanye fedha ikufanyie kazi, acha kufikiri kimaskini. Anausikia kutoka kwa mtu aliyevaa suti nzuri, na hana njia ya kujua mtu huyo anadaiwa na nani. Jirani anayemshauri pale kijijini, shamba lake linajulikana, mifugo yake inajulikana, na madeni yake yanajulikana zaidi.

Walioanguka hawafanani

Mfano ulio karibu kabisa na jambo lenyewe unatoka Uingereza. Januari 2005 BBC ilianza kurusha Dragons' Den, kipindi ambacho matajiri watano huketi kusikiliza wajasiriamali wanaoomba mtaji, wakawapima na mara nyingi wakawakatalia kwa maneno makali. Miongoni mwa watano wa kwanza alikuwa Rachel Elnaugh, mwanzilishi wa kampuni ya Red Letter Days. Agosti ya mwaka huo huo kampuni yake ilianguka na kuwekwa chini ya msimamizi. Walioinunua walikuwa Peter Jones, aliyeketi naye tangu mwanzo, na Theo Paphitis, aliyejiunga na kipindi mwaka ule ule. Nchini Marekani, Dave Ramsey, ambaye baadaye alipata jina redioni na kwenye televisheni kwa kuwahimiza watu waishi bila deni, alikuwa kijana wa biashara ya nyumba aliyekopa mno. Benki zilipodai fedha zao kwa pamoja, alishindwa, na mwaka 1988 akatangazwa muflisi. Carl Richards, mshauri wa fedha aliyeandikia gazeti la The New York Times, alinunua nyumba Las Vegas kwa mkopo wakati bei zikipanda, akaipoteza zilipoporomoka, kisha mwaka 2011 akayaeleza yote katika gazeti lilelile.

Robert Kiyosaki ni habari ya aina nyingine. Kitabu chake Rich Dad Poor Dad cha mwaka 1997 kinafahamika sana Afrika Mashariki, na maneno yake kuhusu mali na madeni yanarudiwa na wahamasishaji wengi ambao hata hawamtaji. Mwaka 2012 kampuni yake moja, Rich Global, iliomba kutangazwa muflisi baada ya mahakama kuiamuru ilipe takriban dola milioni 24 kwa Learning Annex, kampuni iliyokuwa imemwandalia makongamano. Kiyosaki mwenyewe hakufilisika. Ukuta wa sheria ulisimama kati ya deni la kampuni na mfuko wake. Hapo pana somo ambalo wasomaji wake wa vijijini hawaambiwi. Mkulima akikopa fedha za mbegu na mbolea, hana kampuni ya kufa badala yake. Dhamana ni pikipiki, ni mbuzi, ni vyombo vya ndani, na pengine ni hati ya hakimiliki ya kimila aliyoipata chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Ushauri wa kuthubutu kukopa hauna maana moja kwa mtu mwenye ukuta na kwa mtu anayelala ndani ya dhamana yake.

Kwetu Tanzania, wengi waliovuma kwa kufundisha utajiri hawakuwa watangazaji wa kuajiriwa. Walikuwa wenye miradi waliovitumia vyombo vya habari, mitandao na semina kama jukwaa. Taasisi ya DECI iliwaita wananchi "kupanda mbegu", yaani kuweka fedha, ili wavune, ikafungwa mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake. Tariq Machibya, maarufu Mr Kuku, aliahidi faida ya asilimia 70 ndani ya miezi minne kutokana na ufugaji wa kuku, akakamatwa mwaka 2020, na kesi yake ikaishia kwa yeye kutiwa hatiani. Kampuni ya JATU, ambayo hisa zake ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2020, iliwahamasisha watu wa mijini walime kwa kutuma fedha. Desemba 2022 aliyekuwa mkurugenzi wake alifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya kujipatia zaidi ya shilingi bilioni 5 za SACCOS ya JATU kwa udanganyifu, na mashtaka, tukumbuke, si hukumu. Nchini Kenya, kampuni ya Cytonn ilikuwa ikitoa ripoti za uchumi kila wiki, na maofisa wake wakihojiwa mara kwa mara na vyombo vya habari. Mifuko yake miwili, iliyokuwa imekusanya zaidi ya shilingi bilioni 10 za Kenya, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2021, na Januari 2023 Mahakama Kuu ikaamuru ifilisiwe.

Si haki kuwatia hawa wote kapu moja. Elnaugh alishindwa biashara, jambo linaloweza kumpata yeyote. Richards alifuata upepo wa bei kama majirani zake. Waliotiwa hatiani Kisutu walikiuka sheria za kukusanya fedha kutoka kwa umma. Hata hivyo, ukizipanga habari hizi pamoja utaona kitu kimoja: hakuna mtazamaji aliyekuwa na namna ya kuwatofautisha kabla mambo hayajaharibika. Mwaminifu aliyezidiwa na madeni na tapeli aliyepanga kutoroka waliongea kwa sauti ile ile ya uhakika, wakaonyesha magari yale yale. Tofauti yao ilijulikana baadaye, kwa msimamizi wa ufilisi au kwa hakimu, wakati fedha za watu zilikwishaondoka.

Kujua ni kitu kimoja

Dhana inayobeba vipindi vya fedha ni kwamba watu ni maskini kwa sababu hawajui. Kama hivyo ndivyo, anayejua asingefilisika. Watafiti wamelipima suala hili. Mwaka 2014 Daniel Fernandes na wenzake wawili walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizokwisha kufanyika, wakakuta kwamba mafunzo ya fedha yalieleza asilimia 0.1 tu ya tofauti katika mienendo ya watu kifedha, na kwamba hata athari hiyo hufifia kadiri miezi inavyopita. Matokeo hayo yamepingwa, na kwa hoja nzito: mwaka 2022 Tim Kaiser na wenzake walichambua majaribio 76 yaliyofanywa kwa utaratibu mkali zaidi, wakaona kwamba mafunzo yana manufaa ya kweli. Anayetaka kusema elimu ya fedha ni bure kabisa hana pa kusimama. Lakini Fernandes na wenzake walitoa pendekezo linalotufaa huku: somo lifike karibu na wakati wa uamuzi. Somo la mkopo lina nguvu siku ambayo mtu anakwenda kukopa, na somo la akiba lina nguvu wiki anayouza mazao. Kipindi cha Jumapili jioni hakijui mtazamaji wake yuko wiki gani.

Utafiti mwingine unafafanua kwa nini hata mjuzi hutetereka. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha kazi iliyofanywa kwa wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Mkulima yule yule alifanya vibaya zaidi katika majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno, mfuko ukiwa mtupu, kuliko baada ya kulipwa. Akili haikuwa imepungua. Ilikuwa imeshughulishwa na madeni. Kwa hiyo anayemwambia mtu aliyebanwa kwamba shida yake ni fikra, anageuza matokeo kuwa chanzo. Bila shaka mshauri wa televisheni naye, siku deni linapomkaba, hufikiri chini ya mzigo ule ule, na kanuni alizozifundisha kwa ufasaha hazimsaidii kama alivyodhani.

Zaidi ya hapo, televisheni ina uchumi wake. Mwendesha kipindi halipwi kwa kuwa ushauri wake ulimfaa mtazamaji baada ya miaka mitano. Analipwa na mdhamini wa kipindi, na matangazo, na viingilio vya semina, na vitabu vinavyouzwa mlangoni. Vyanzo hivyo hupenda uhakika na huchukia neno "inategemea", ingawa ndilo jibu sahihi la maswali mengi ya fedha. Humlazimisha pia aonekane tajiri, maana hakuna anayelipia semina ya mtu aliyepanda daladala kuja kufundisha utajiri. Hivyo mshauri huingia gharama za kuonekana, na gharama hizo zenyewe huweza kuwa mwanzo wa deni. Anayemwona kwa mbali hudhani gari ni matunda ya ushauri, kumbe huenda ni matunda ya kuuuza.

Kalenda ya Muyama

Tuupeleke ushauri huo shambani. Katika milima ya Buhigwe na Kasulu watu hulima maharage, mahindi, muhogo, ndizi na kahawa, na baadhi ya maeneo hulima tangawizi. Mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Mei. Fedha huingia kwa mafungu baada ya mavuno na hutoka kwa ratiba isiyowasubiri wakulima: mbegu na mbolea mvua zinapoanza, sare na mahitaji ya shule Januari, ugonjwa siku yoyote. Kati ya vipindi hivyo mtu huweza kuuza mazao yakiwa bado shambani kwa bei ya kutupa, au kumpimia mnunuzi gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, kwa bei ya gunia la kawaida. Na soko lenyewe hutikiswa na mambo ya mbali: hali ya mpaka wa Burundi upande wa Manyovu, au hatima ya kambi za wakimbizi, kama ile ya Mtendeli iliyofungwa mwaka 2021. Kanuni ya kutenga asilimia 10 kila mwezi ilitungwa kwa ajili ya mwenye mshahara. Kwa mtu ambaye miezi mitano hana kipato na mwezi wa sita ana chote, asilimia 10 ya sifuri ni sifuri.

Hata ushauri wa Ramsey, ambao unatoka kwenye maumivu ya kweli, haupandi mlima huu mzimamzima. Yeye aliangushwa na mikopo mikubwa ya nyumba iliyodaiwa kwa ghafla, na akahitimisha kwamba deni ni adui. Mkulima anayekataa mkopo wowote mwezi wa Novemba anaweza kupanda bila mbolea na kuvuna nusu ya alichoweza kuvuna. Anachohitaji kujua ni mkopo upi, kwa riba gani, unarejeshwa kabla au baada ya mavuno. Mikopo iliyopewa jina la kausha damu inaumiza kwa sababu marejesho yake ni ya kila siku au kila wiki wakati shamba hulipa mara moja au mbili kwa mwaka. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu tumizi 69 zilizokuwa zikikopesha watu kidijitali bila kibali. Mtu aliyeambiwa tu "usikope" hakupewa kipimo cha kuzitambua.

Ushauri unaoijua kalenda hiyo upo tayari, ila haurushwi hewani. Ni vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA na ndugu zake. Mfumo wa sanduku ulianzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991 na kuenea Afrika nzima. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanachama watatu tofauti, hivyo halifunguliwi faraghani. Hisa hununuliwa mbele ya wote, mkopo huombwa kwa kutaja sababu, marejesho husomwa kwa sauti, na mwisho wa mzunguko fedha hugawanywa, mara nyingi kwa wakati ambao wanachama wenyewe wameuchagua kulingana na msimu. Mwenyekiti akichelewesha marejesho yake, mkutano mzima unajua siku hiyo hiyo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi hivi katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Kinachonihusu hapa ni kwamba katika kikundi anayeshauri na anayeshauriwa wameweka fedha kwenye sanduku moja. Akikosea, naye anaumia.

Hoja za upande wa pili

Mtetezi wa washauri atasema: daktari anayevuta sigara bado anajua kwamba sigara inaua. Ni kweli, na ndiyo sababu ushauri mzuri hauharibiki kwa kutolewa na mtu mwenye deni. Lakini dawa ya daktari ilithibitishwa na wengine kabla yake, wala hakuna anayemwendea kwa sababu ya unene wa misuli yake. Mshauri wa fedha wa televisheni mara nyingi hana ushahidi mwingine zaidi ya maisha yake: nyumba, gari, safari, simulizi ya kutoka chini hadi juu. Aliyeuleta utajiri wake mezani kama ushahidi hawezi kuuficha ufukara wake kwa kisingizio kwamba hauhusiani na somo.

Wengine watasema hili ni kuingilia faragha, kwamba mtu ana haki ya siri ya mfuko wake. Anayo, na hakuna anayedai salio lake la benki lisomwe hewani. Kinachodaiwa ni machache: nani anakulipa kwa kusema haya, je, unauza unachokisifu, je, fedha zako mwenyewe zimo humo, na una leseni gani. Dunia imekwishaanza kulitambua dai hili. Oktoba 2022 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ilimtoza Kim Kardashian dola milioni 1.26, pamoja na mambo mengine, kwa kuisifia sarafu ya kidijitali bila kueleza kwamba alilipwa dola 250,000. Hapa kwetu, anayetoa ushauri wa uwekezaji kama biashara anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kuuliza leseni si umbeya.

Ipo hoja kwamba aliyeanguka ndiye mwalimu bora, kwa kuwa ameonja. Inafaa tu pale anapoeleza kilichomwangusha na kilichomwinua. Richards alieleza la kwanza kwa uwazi wa kupigiwa mfano. La pili husahaulika: wengi waliofilisika wakainuka kupitia kufundisha fedha waliinuliwa na ada za wanafunzi wao, njia ambayo wanafunzi hao hawawezi kuifuata wote. Ipo pia hoja nzito zaidi, kwamba vikundi navyo huvunjika, watunza hazina hukimbia, na wenye sauti hujipendelea katika mikopo. Hayo hutokea. Lakini hasara ya kikundi cha watu 30 ina mpaka, mhusika anajulikana kwao, na chanzo cha hasara kinaweza kuelezwa na kila aliyekuwa kwenye mkutano. Hasara ya DECI haikuwa na mpaka huo.

Hoja ya mwisho huwa haisemwi waziwazi: kwamba watu wa vijijini hawajui fedha, kwa hiyo mwalimu yeyote ni afadhali. Historia ya Buha, yaani nchi ya Waha huku Kigoma, inaikanusha. Enzi za ukoloni vijana wa Buha walisafiri hadi mashamba ya mkonge Tanga kutafuta mshahara na fedha ya kodi, na waliobaki walipanga maisha kwa kuzitegemea fedha za kutoka mbali. Buhigwe ndiyo nyumbani kwa Dk Philip Mpango, aliyekuwa Waziri wa Fedha kuanzia mwaka 2015 hadi 2021 kabla ya kuwa Makamu wa Rais. Wanachokosa watu wa milima hii ni bei ya uhakika, mkopo unaofuata msimu na taarifa za kweli kuhusu anayewakopesha. Hayo hayatibiwi kwa hamasa.

Basi kazi igawanywe. Vituo vya televisheni na redio viwatake wanaoalikwa kuzungumzia fedha wataje masilahi yao mwanzoni mwa kipindi, kama msemaji wa chama anavyotajwa chama chake. Wasimamizi wa sekta waziweke orodha za wenye leseni mahali ambapo mtu wa Muyama anaweza kuziuliza kwa simu ya kitochi, bila intaneti. Maofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, ambao tayari hukutana na vikundi, walipeleke somo la mkopo mkutanoni mwezi wa Oktoba na somo la akiba wakati wa mavuno, kwa hesabu za maharage na kahawa badala ya hesabu za mshahara. Na mtazamaji asisubiri mshauri afilisike ndipo aanze kumchunguza. Amuulize mapema maswali ambayo kikundi chake humuuliza mwanachama yeyote anayesimama kuomba mkopo. Mshauri anayeyajibu anaweza kusikilizwa hata kama anadaiwa. Asiyeyajibu asipewe fedha, hata kama ana mali.